Viti Juu ya Mpira, na Nahodha Aliyeondoka Tezi

Niliitwa Mtwapa na dada yangu kwa shauri la mirathi, nami nikadhani nitakunywa kahawa, nitasikiliza, nitasema maneno mawili ya mjomba na kurudi Mombasa kabla ya Alasiri. Nilirudi siku ya nne, kichwa kimejaa habari za gundi, bolti, mbao na mpira, na mifuko ya suruali imejaa mchanga. Mambo yenyewe ni ya nyumba moja tu, lakini nimeona yanagusa kila nyumba ya pwani yenye chombo mlangoni, kwa hivyo naomba radhi kwa jamaa zangu nikiyaleta hapa bila ya kuwataja majina.

Shemeji yangu, Mungu amrehemu, aliacha mashua moja ya tanga. Mali nyingine ilikwisha kugawanywa, lakini mashua haigawanyiki. Ukiikata vipande thelathini na viwili, kama hesabu ya warithi inavyotaka, utapata kuni. Maana hesabu ndiyo hiyo: mjane ana thumuni, yaani sehemu nne, mtoto wa kiume ana kumi na nne, na mabinti wawili wana saba saba. Basi mashua ikakaa ufukweni miaka mitatu, mara ikikodishwa kwa wavuvi, mara ikilala juu ya magogo, na kila mtu akiitazama kwa jicho lake.

Mpwa wangu alikuwa amenunua boti ya mpira, ile ya kujazwa upepo, iliyokwisha kutumika na wazamiaji wa hoteli. Ina urefu wa kama mita tano, sakafu yake ni mbao za plaiwudi zilizounganishwa vipande vipande, na mashine yake inapachikwa nyuma na kuendeshwa kwa mkono. Shauri lake lilikuwa hili: mashua ya marehemu baba yake iuzwe, na fedha zitumike kuitia boti hiyo viti vya kudumu na kisanduku cha usukani katikati, chenye gurudumu kama la gari, mkono wa mafuta, na saa za kuonyesha mwendo. "Mjomba," aliniambia, "mgeni hapendi kukaa juu ya mpira kama mzigo wa nazi. Na mimi sipendi kuendesha nimejikunja nyuma. Dunia imekwenda."

Kauli hiyo, dunia imekwenda, ndiyo inayosemwa siku hizi kila penye mkutano wa wavuvi. Kumbukeni mambo ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe karibu shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Baadaye pande zote zikakubaliana sehemu iwe taslimu na sehemu iwe vifaa, yaani vyombo, mashine na zana za uvuvi. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: chombo cha kisasa ni kipi? Afisa akisema "boti ya kisasa" ana picha yake kichwani, mfadhili ana yake, na kijana wa pwani naye ana yake. Nimegundua kwamba katika picha zote hizo kuna kitu kimoja: mtu ameketi kitini, ameshika gurudumu, anatazama mbele. Mzee aliyeketi tezi na kana mkononi hayumo pichani.

Sasa kabla hatujamlaumu kijana kwamba anafuata mambo ya Wazungu, tuulizane: chombo cha kujazwa upepo ni cha nani hasa? Katika jumba la makumbusho la Uingereza, London, yako mawe ya Waashuri, yaliyochongwa karne ya tisa kabla ya Masihi, yanayoonyesha watu wakivuka mto juu ya viriba vilivyopulizwa. Mto Tigris, kutoka Mosul mpaka Baghdad, ulikuwa na vyombo viitwavyo kelek: magogo yaliyofungwa juu ya ngozi nyingi za mbuzi zilizojazwa upepo, vikiteremka na mkondo vimesheheni bidhaa. Vikifika Baghdad magogo yaliuzwa, ngozi zikatolewa upepo, zikabebwa juu ya punda mpaka juu tena. Vyombo hivyo vilidumu hata karne ya ishirini. Na ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus, ambao ndio miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayotaja mwambao wetu na mashua zake za kushonwa, unasema pia kwamba ubani wa Hadhramaut ulipelekwa kwenye bandari ya Kana juu ya vyelezo vilivyoshikiliwa na viriba vya upepo. Hadhramaut, wasomaji wangu! Wengi wenu mna babu huko. Kwa hivyo kijana akileta boti ya upepo mlangoni, huenda anarudisha kitu cha nyumbani bila ya kujua. (Na sadfa iliyoje kwamba bandari ile ina jina kama la mkono wetu wa usukani. Sidhani kuna uhusiano, lakini nilicheka.)

Boti ya mpira tuijuayo leo ilitoka Ufaransa. Kampuni ya Zodiac, iliyoanza mwaka 1896 ikitengeneza vyombo vya angani vya kujazwa gesi, iligeukia bahari katika miaka ya 1930. Watu walikidharau chombo hicho kama mchezo wa watoto mpaka mwaka 1952, pale daktari mmoja Mfaransa, Alain Bombard, alipovuka Atlantiki peke yake kutoka visiwa vya Kanari mpaka Barbados katika boti ya mpira yenye urefu wa mita nne na nusu. Alikaa baharini siku sitini na tano. Tangu hapo hakuna aliyecheka. Lakini tusisahau upande wa pili: ni mpira huo huo, wa bei rahisi na uliosheheni watu kupita kiasi, ambao miaka hii umewazamisha ndugu zetu wengi kati ya Uturuki na Ugiriki, na kati ya Libya na Italia. Yule mtoto wa Kisyria aliyeonekana amelala kifudifudi katika pwani ya Bodrum, Septemba 2015, chombo chao kilikuwa cha kujazwa upepo. Upepo hubeba, lakini haujui hesabu ya watu. Hesabu ni kazi ya nahodha.

Tuje kwenye viti. Nilipomuuliza mpwa wangu nani aliyebuni habari ya kuweka viti na gurudumu ndani ya mpira, hakujua. Nami nilikuwa nimesoma habari hiyo zamani. Wales kuna chuo kiitwacho Atlantic College, kilichofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's, juu ya bahari chafu yenye mawe. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamaji mstaafu, Desmond Hoare, na wanafunzi wake walikuwa wakitoka baharini kuokoa watu. Boti zao za mpira zilichanika chini kwa mawe, na sakafu laini ilikuwa ikipigwa na wimbi mpaka inakunjamana. Basi wanafunzi kwa wanafunzi wakaanza kubandika plaiwudi chini ya mpira. Ikavunjika. Wakabandika nyingine. Baada ya miaka ya majaribio wakapata chombo chenye tumbo gumu na mbavu laini, na ndani yake viti vya kupanda kama unavyopanda punda, mguu huku na mguu huku, usukani mbele ya wa kwanza. Chama cha waokoaji wa bahari wa Uingereza kikakitumia kuanzia mwaka 1972 kwa jina la Atlantic 21, na Hoare akakiuzia haki ya ubunifu wake kwa paundi moja tu.

Kwa nini kupanda kama punda? Hapa ndipo penye elimu, naomba mnivumilie. Boti nyepesi ikikimbia haipiti ndani ya wimbi, huruka juu yake na kuanguka. Aliyeketi kitako juu ya mpira hupokea pigo lote uti wa mgongoni, au hurushwa nje. Aliyepanda kiti kama farasi hubana kwa mapaja na kukanyaga sakafu, na magoti yake ndiyo yanayonywa lile pigo. Pili ni mizani. Mashine iko nyuma, tangi la mafuta liko nyuma, na mwendeshaji naye amekaa nyuma ameshika mkono wa mashine. Ukitia moto, omo inanyanyuka kama jogoo anayetaka kuwika, huoni mbele, na upepo wa matlai ukipita chini ya omo hiyo waweza kuipindua boti kichalichali. Mwendeshaji akihamia katikati, na betri na tangi vikihamia naye, boti hulala sawa. Basi kisanduku cha usukani si urembo mtupu, ndivyo nilivyomwambia dada yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akikiita "jukwaa la harusi".

Lakini kukijua kitu si kukifunga. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kutafuta kijana wa kuchomea vyuma, aje atoboe sakafu na kukaza kiti kwa skrubu. Mimi nikasema tumwite kwanza fundi wa marehemu, mzee aliyekuwa akiikalafati ile mashua kila mwaka. Akaja na fimbo yake, tukaamkiana, akaizunguka boti mara mbili. Akapanda, akasimama katikati, akajitingisha. Mbao za sakafu zikapandiana.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "wewe wataka kiti kikae kama kibaraza cha msikiti. Chombo hiki hakina kibaraza. Hiki chacheza, na kucheza ndiyo uzima wake. Ukikikaza kisicheze, kitakatika pale ulipokaza."

Nikakumbuka mtepe, ambao wasomaji wanaweza kuona mfano wake katika jumba la makumbusho la Lamu. Babu zetu waliunda chombo bila ya msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, na chombo kikijikunja na wimbi badala ya kulipinga. Fundi huyu hakuwahi kuunda mtepe, wala hakuwahi kugusa boti ya mpira. Lakini akilini mwake mna elimu ya chombo kinachocheza, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Akaagiza kisanduku kikae juu ya ubao mmoja tu wa sakafu, kisivuke kiungo cha mbao mbili, maana kwenye kiungo ndipo panapofanya kazi. Akakataa skrubu kabisa: bolti zipite mpaka chini, na huko chini ziwekewe kipande kipana cha chuma kisichoshika kutu ili uzito utawanyike. Kila tundu lipakwe rangi na gundi ya kuzuia maji kabla ya bolti kuingia, kwani plaiwudi ikishaanza kunywa maji chumvi huoza kutoka ndani, wewe ukiona nje kunang'aa. Na viti viwe chini kadiri ya goti, kwa sababu mtu akikaa juu chombo hulewa.

Mpira wenyewe ulitushinda siku nzima. Iko mipira ya namna mbili, ile iliyopakwa Hypalon na ile ya plastiki ya PVC, na gundi ya moja haishiki nyingine. Aliyetuuzia hakusema ni upi, wala hatukuuliza. Kijana alikuwa amebandika vishikio viwili vya pembeni, kimoja kikang'oka mkononi mwangu kama ganda la ndizi. Tena gundi hizo hazitaki unyevu, na pwani yetu unyevu ndio chakula chake. Ikatubidi tungoje saa za adhuhuri, jua kali, tukisafisha na kupaka na kungoja tena. Na jua hilo hilo lina shari yake: boti uliyoijaza asubuhi ikakaza kama ngoma, adhuhuri upepo wa ndani huvimba mpaka mishono ikalia. Hapana budi kuupunguza, na ukiiteremsha majini ikapoa, uongeze. Fundi akasema, "Chombo hiki ni kama mtoto mchanga, kila saa chataka kushikwa tumbo."

Siku ya tatu tuliiteremsha majini. Tulimpa usukani baharia mmoja wa marehemu, mtu wa miaka zaidi ya arobaini katika kana. Ukitaka kwenda kulia kwa kana, waisukuma kushoto; gurudumu si hivyo, kulia ni kulia. Mzee wa watu alitaka kuukwepa mti wa nanga ya jirani, mkono ukafuata mazoea, tukauelekea moja kwa moja. Kijana akaruka akazima mashine. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyecheka pia. Nilimwona yule baharia anakitazama kiganja chake kama kimemsaliti.

Hapo nikaliona jambo lililonileta kuandika. Nahodha akiketi tezi huwaona wote walio mbele yake: anayeteka maji ngamani, mtoto anayeegemea ubavu, tanga, wimbi, na pwani. Neno lake hutoka nyuma likawapita watu wote mpaka omo. Ukimleta katikati ukamkalisha kitini, uso mbele, nusu ya watu wako nyuma ya kisogo chake. Amepata macho ya mbele na amepoteza macho ya ndani. Mwendo wa kasi unataka macho ya mbele, sibishi. Lakini basi lazima yuko mtu mwingine wa kutazama nyuma, na kama chombo kina nahodha peke yake na abiria wanane walioketi kwenye mpira, hakuna wa kutazama.

Na yako mabaya zaidi. Mei 2013, huko Padstow, Uingereza, familia ya watu sita ilikuwa katika boti ya namna hii hii, nzuri, ya bei kubwa, yenye viti na usukani. Boti iligeuka ghafla ikawatupa wote majini. Iko kamba ndogo ambayo mwendeshaji hutakiwa kujifunga mguuni au kiunoni, ili akianguka ing'oke na mashine ifyatuke izimike. Hakuna aliyejifunga. Mashine ikaendelea, boti ikazunguka na kuwarudia waliokuwa wakielea, na rafadha ikafanya kazi yake. Baba na binti yake wa miaka minane wakafariki, na wengine wakaumia vibaya. Kamba yenyewe haina bei ya kutajika.

Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hicho alitikisa kichwa akasema kamba anayo. Nikamwuliza iko wapi. Ilikuwa imefungwa kwenye kisanduku chenyewe, fundo zuri kabisa, ili isimsumbue.

Nayasema haya kwa sababu miaka hii serikali yetu imeongeza kazi baharini: Mamlaka ya Bahari inakagua vyombo vidogo, na tangu Novemba 2018 tuna kikosi cha walinzi wa pwani. Sheria haipungui. Lakini kila ninaposikia vyombo vya kisasa vitagawiwa, nasikia hesabu ya vyombo na nguvu za mashine, sisikii nani atakayefunzwa kuhamisha mkono wake kutoka kana mpaka gurudumu, wala gundi itanunuliwa duka gani, wala kama mafundi wa Kizingitini na Faza wataulizwa kiti kikae wapi. Chombo kikifika kutoka ng'ambo na viti vimekwisha kukazwa na mtu asiyeijua miamba yetu, kitafanya kazi msimu mmoja na kuishia uani kuku wakitagia ndani. Yule fundi mwenye fimbo hakutaka kuizuia boti ya mpira. Aliifanya iwezekane, kwa siku mbili na sahani ya biriani. Watu wa namna yake wako katika kila kijiji cha pwani na wanazidi kuzeeka.

Nirudi kwa warithi, maana ndio walioniita. Usiku wa mwisho tulikaa barazani baada ya Isha. Binti mkubwa, aliyekuwa kimya siku zote, akamwuliza kaka yake swali moja: mashua ikiuzwa na fedha zikiingia katika kisanduku chako na viti vyako, zile saba zangu zitakuwa kiti gani? Kijana akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kuuza mali ya watu wanne ili kupamba mali ya mtu mmoja si biashara, ni kula haki, hata kama wote wakinyamaza kwa kumpenda. Nikasema hivyo, na kijana, namshukuru, hakununa. Alikaa akichora mchangani kwa kidole, kisha akasema iko njia mbili: ama mashua iuzwe na kila mtu apewe chake mkononi, naye atafute fedha za viti kwingine, ama boti ya mpira ithaminiwe, iingizwe katika shirika, iandikwe mbele ya mashahidi, na kila mmoja awe na sehemu yake katika vyombo vyote viwili.

Mama yao akachagua njia ya pili, kwa sharti mbili. Kwanza, mashua isiuzwe mwaka huu, iende kwa fundi ikalafatiwe. Pili, kila mgeni atakayepanda ile boti avae boya kabla ya mashine kuwashwa, na baharia wa marehemu awe ndani kila safari, aketi nyuma, uso kwa abiria, mshahara wake utoke kabla ya faida.

Niliondoka asubuhi. Kiti cha kwanza na kisanduku vilikuwa vimekazwa. Kiti cha pili kilikuwa bado chini ya mwembe, kinangoja chuma cha kuweka chini ya ubao. Fundi alikuwa ameketi juu yake, miguu huku na huku, anakunywa chai, na kijana amechutama mbele yake akiifungua ile kamba nyekundu kutoka kwenye kisanduku.